Laiti ya Mwinda Bata: Habari za Wapenda Bunduki na Mafundi Wao

Kila mwenye chombo ana manung'uniko juu ya chombo chake. Mkulima husema, "Laiti jembe hili lingekuwa na mpini mrefu kidogo." Mshonaji husema vivyo hivyo juu ya sindano, na mvuvi juu ya wavu. Lakini twadhani hakuna watu wenye laiti nyingi kama wapenda bunduki. Waketipo pamoja jioni, mmoja mwinda nguruwe waharibuo mashamba, mwingine mzee aliyekuwa askari, hawachoki kusema: laiti mafundi wangetutengenezea bunduki nyepesi zaidi, laiti risasi ingekwenda mbali zaidi, laiti baruti isingelowa.

Twataka leo kuwasimulia habari za hizo laiti na mambo yaliyotoka kwazo. Maana historia ya bunduki, ukiitazama vema, si historia ya mafundi peke yao. Fundi hutengeneza kile anachotakiwa kutengeneza, na anayemtaka ni mwenye kutumia. Wahenga wetu walituachia neno hili: Mwana akililia wembe, mpe. Na tuone basi ni nani aliyelia, ni wembe gani aliopewa, na ni nani aliyekatwa.

Bunduki ya gumegume

Katika miaka ya 1700 bunduki nyingi za Ulaya zilikuwa za gumegume. Mwenye bunduki alimimina baruti katika mdomo wa kasiba, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kisha akatia baruti kidogo katika kisahani kilicho kando ya kasiba. Alipovuta mtambo, jiwe la gumegume liligonga chuma, cheche zikaanguka kisahanini, baruti ile ikawaka, na moto wake ukapenya katika tundu dogo hata kuifikia baruti ya ndani. Ndipo bunduki ikalia.

Chombo hiki kilikuwa na kasoro tatu zilizojulikana na wote. Ya kwanza, mvua ikinyesha kisahani hulowa, na bunduki huwa fimbo tu. Ya pili, kujaza kulikawia: askari hodari aliweza kupiga mara tatu hivi kwa dakika moja. Ya tatu, palikuwa na kitambo kidogo kati ya mwako wa kisahani na mlio wa bunduki. Kwa mwanadamu kitambo hicho si kitu, bali kwa ndege aliye macho ni nafasi ya kutosha kuokoa maisha yake.

Wakili wa London na risasi zake za namna mbili

Palikuwa na mtu wa London, jina lake James Puckle, aliyefanya kazi ya sheria. Yeye aliona kasoro ile ya kukawia, akabuni bunduki kubwa iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye mzinga mdogo nyuma uliogeuzwa kwa mkono ili kuleta viasi vipya mfululizo. Mwaka 1718 alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Na katika hati ile iliandikwa jambo la ajabu: ya kuwa bunduki hii itapiga risasi za mviringo juu ya Wakristo, na risasi za pembe nne juu ya Waturuki. Sababu ilikuwa kwamba risasi ya pembe nne ilidhaniwa kuumiza zaidi.

Twaona haya kuyaandika maneno hayo katika gazeti lisomwalo na Wakristo, lakini historia haifichwi. Tazameni jinsi haja ya mtu inavyofunua moyo wake. Puckle hakumwambia fundi tu, "Nipe bunduki ya upesi." Alimwambia pia ni watu gani wastahilio maumivu makubwa na ni watu gani wastahilio maumivu madogo.

Mwaka 1722 bunduki ile ilijaribiwa mbele ya watu siku ya mvua, ikapiga mara 63 kwa dakika 7. Ajapokuwa amefaulu hivyo, wanunuzi hawakupatikana, na waliotia fedha zao katika kazi ile walipata hasara.

Mchungaji wa Belhelvie

Sasa twafika kwa mtu tunayemtaka hasa. Katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya mji wa Aberdeen, liko kanisa la Belhelvie. Mchungaji wake tangu mwaka 1791 alikuwa Alexander John Forsyth, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Alikuwa mtu wa elimu, apendaye kuchunguza madawa na madini, na tena apendaye kuwinda bata wa maji.

Husimuliwa kwamba bata ndio waliomfundisha. Kila alipovuta mtambo, bata waliona mwako wa kisahani wakazama au wakaruka kabla ya marisau kufika. Basi mchungaji akasema moyoni mwake kama wasemavyo wawindaji wote: laiti ingekuwako bunduki isiyowaka nje. Lakini yeye hakuishia kusema. Edward Howard, Mwingereza, alikuwa ameeleza mwaka 1800 jinsi ya kuufanya unga wa zebaki unaolipuka kwa kupigwa. Forsyth akajaribu unga wa namna hii, si kuutia ndani ya kasiba mahali pa baruti, maana ungeipasua, bali kuufanya uwe wa kuwashia tu. Chembe chache zikapigwa na nyundo ndogo, zikalipuka ndani kwa ndani, na baruti ikawaka mara moja. Kisahani hakikuwapo tena, wala mwako, wala kitambo.

Mwaka 1806 akaitwa London, akapewa chumba katika ngome iitwayo Tower afanye majaribio kwa ajili ya jeshi. Mwaka uliofuata mkuu wa silaha akabadilika, na mkuu mpya akamwambia aondoe vitu vyake aende zake. Forsyth akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka huo huo wa 1807, akarudi kwa kondoo wake wa Belhelvie.

Jeshi likakawia miaka mingi. Hata mwaka 1834 likajaribu bunduki za namna zote mbili, kila namna mara 6,000. Za gumegume zilikataa kulia mara 922. Za namna mpya zilikataa mara 36 tu. Baada ya hayo hapakuwa na mashindano tena. Mwaka 1842 serikali ilimpa mzee Forsyth pauni 200. Akafa mwaka 1843, na baada ya kufa kwake jamaa zake walipewa pauni 1,000.

Mafundi wengine walikwisha kuurahisisha uvumbuzi wake, ukawa kikofia kidogo cha shaba chenye unga ndani, kivikwacho juu ya kifa cha bunduki. Kikofia hicho ndicho sisi tukiitacho fataki. Basi mwenye gobori kijijini anapotoa fataki yake mfukoni, anashika mkononi laiti ya mchungaji mmoja wa Uskoti aliyekasirishwa na bata.

Kiasi kilichoasisha vita

Wenye kutumia hawakusikilizwa sikuzote. Kule Bara Hindi askari wenyeji wa Kampuni ya Waingereza waliletewa bunduki mpya aina ya Enfield ya mwaka 1853. Kasiba yake ilichongwa mifuo ndani ili risasi izunguke na kwenda sawa. Baruti na risasi vilifungwa pamoja katika karatasi iliyopakwa mafuta, na sheria ya mazoezi ilisema askari aing'ate karatasi kwa meno, amimine baruti, kisha ashindilie risasi.

Mwezi wa Januari mwaka 1857 neno likaenea kutoka karakana ya silaha ya Dum Dum, karibu na Calcutta, ya kuwa mafuta yale yamechanganywa na ya ng'ombe na ya nguruwe. Ng'ombe ni mtakatifu kwa Mhindu, na nguruwe ni haramu kwa Mwislamu. Haja ya askari hawa kwa watengenezaji ilikuwa ndogo kuliko zote tulizozitaja: tupeni kiasi tunachoweza kukitia mdomoni pasipo kuikana dini yetu. Wakubwa walikuja kuruhusu askari watumie mafuta yao wenyewe na kupasua karatasi kwa mkono, lakini walikuwa wamechelewa, maana imani ilikwisha kuvunjika. Tarehe 24 Aprili, katika mji wa Meerut, askari 85 kati ya 90 walikataa kupokea viasi, ijapokuwa vile walivyopewa siku ile vilikuwa vya namna ya zamani. Walifungwa minyororo mbele ya wenzao, na tarehe 10 Mei maasi yakaanza. Maelfu ya watu wakafa, Wahindi na Waingereza, wanawake na watoto. Na mwaka uliofuata utawala wa Kampuni ukakoma, nchi ikatiwa chini ya ufalme wa Uingereza.

Tabibu aliyetaka kupunguza vifo

Katika miaka hiyo palikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani. Richard Gatling, mtu aliyesomea utabibu ingawa hakuifanya kazi hiyo, aliona askari wakirudishwa kutoka vitani, wengine wamejeruhiwa, wengi wameuawa na magonjwa. Akabuni bunduki yenye kasiba nyingi zizungushwazo kwa mkono, akapata hati yake mwaka 1862. Katika barua ya mwaka 1877 alieleza nia yake: alidhani kwamba kama mtu mmoja angeweza kufanya kazi ya vita ya watu mia, majeshi makubwa yasingehitajiwa, na watu wachache zaidi wangekufa.

Hatuna sababu ya kusema kwamba alidanganya. Lakini majeshi hayakupungua. Mwaka 1884 Hiram Maxim akafanya bunduki ijijazayo kwa nguvu ya kurudi kwake yenyewe, iliyopiga mara 600 hivi kwa dakika. Na mwaka huo huo Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyotoa moshi mwingi. Mfalme aliyepewa mashine ya kufanya kazi ya watu mia hakuwarudisha nyumbani watu tisini na tisa. Alitaka mashine mia.

Wasiokuwa na fundi

Je, sisi watu wa Afrika ya Mashariki tulikuwa wapi katika habari hizi? Kila jeshi la Ulaya lilipobadili silaha, zile za zamani ziliuzwa, na maelfu kwa maelfu zilifika Unguja, zikavushwa hata bara pamoja na baruti na fataki, zikabadilishwa kwa pembe. Nyingi zilitumika katika kukamata watumwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Brussels, wakakataza kuingiza silaha katika nchi zote za Afrika zilizo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, isipokuwa kwa ruhusa. Zilizoachwa ziuzwe kwa watu ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sababu hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Lakini mataifa yale yale yalijiwekea wenyewe silaha mpya, nao ndio waliokuwa wakiigawanya nchi.

Mwaka 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waliochoshwa na kazi ya kulazimishwa ya mashamba ya pamba waliinuka juu ya Wajerumani. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe alikuwa amewapa maji, na watu wakaamini kwamba kwa maji hayo risasi za adui zitageuka kuwa maji. Tarehe 30 Agosti waliishambulia boma ya Mahenge, wakakuta bombomu zikiwangojea. Vita vilikwisha mwaka 1907, na waliokufa kwa njaa, baada ya vyakula kuteketezwa, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Wako wanaowacheka wazee wale kwa ujinga. Sisi hatuwacheki. Mchungaji wa Uskoti alipochukizwa na bunduki yake alikuwa na unga wa zebaki, na mafundi, na ofisi ya hati. Mtu wa Umatumbi alikuwa na laiti kubwa kuliko zote, laiti risasi isingeua, wala hakuwa na fundi wa kumwambia. Aliyekosa fundi alimwendea mganga. Kosa lake lilikuwa kubwa, na malipo yake yalikuwa makubwa zaidi, lakini kilio chake twakielewa.

Hata askari wa Kiafrika waliowatumikia Wajerumani hawakuulizwa haja zao. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi. Kila apigapo, wingu jeupe lilimwonyesha adui mahali alipolala. Aprili 1915 meli moja iliyojificha kwa jina na bendera ya Kideni iliwaletea bunduki mpya na viasi vingi, ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Waingereza. Shehena nyingi iliokolewa majini, lakini viasi vililowa, na kazi kubwa ikafanyika ya kuvifungua kimoja kimoja na kuianika baruti. Laiti ya zamani ya baruti isiyolowa ilikuwa hai bado.

Risasi iliyokataliwa

Iko laiti moja ambayo ulimwengu uliikataa, nayo inatufaa sana kuifikiri. Kati ya miaka 1890 na 1900 askari wa Kiingereza walilalamika kwamba risasi mpya nyembamba hupenya mwilini na kutoka bila kumwangusha adui. Ile karakana ya Dum Dum, ambayo miaka arobaini nyuma iliitwa chanzo cha uvumi wa mafuta, ikawatengenezea risasi ambayo ncha yake haikufunikwa, ikafunguka kama ua ndani ya mwili. Mwaka 1899 mataifa yalikutana mji wa The Hague, na tarehe 29 Julai wakaandika tamko la kukataza risasi hizo vitani. Uingereza ilikawia kukubali hata mwaka 1907.

Lakini wawindaji huzitumia risasi kama hizo, na wengi wao huzisifu, wala si kwa ukatili. Husema kwamba mnyama aliyepigwa kwa risasi ifungukayo hufa upesi, bali aliyepigwa kwa nyembamba hukimbia na jeraha lake, akafa vichakani siku ya tatu. Tazameni basi: risasi ni moja, fundi ni mmoja, na haja iliyosemwa ni moja. Juu ya mnyama inaitwa rehema, juu ya mwanadamu imeitwa ukatili. Basi ubaya au uzuri wa laiti haumo katika chuma tu. Lazima kuuliza ni nani atakayesimama mbele ya kasiba.

Bata wamerudi

Na tumalizie pale tulipoanza, kwa bata. Katika lugha yetu jina risasi ni la kidonge cha bunduki na la madini yenyewe, na madini hayo ni sumu. Wawindaji walimwaga marisau katika maziwa na mabwawa kwa miaka mingi. Bata, ambao humeza vijiwe vya kusagia chakula tumboni, walimeza marisau wakidhani ni vijiwe, wakafa kwa sumu pasipo kupigwa na mtu. Ikatokea laiti mpya: laiti mafundi wangefanya marisau yasiyo na sumu. Mafundi wakafanya ya chuma cha pua, na tangu mwaka 1991 Marekani yote ilikataza kuwinda bata wa maji kwa marisau ya risasi. Wako wawindaji walionung'unika kwamba chuma ni chepesi na hakiendi mbali. Lakini wengine walikuwa wameyataka mabadiliko hayo wao wenyewe. Basi Forsyth alitaka bunduki ambayo bata hataiona, na baada ya miaka karibu mia mbili wawindaji walitaka marisau ambayo bata hatayafia bure. Twaona kwamba mpenda bunduki naye aweza kujifunza kuitawala laiti yake.

Ndugu zetu, hatukuandika haya ili kumlaumu mtu alindaye mahindi yake na nguruwe. Hata mchungaji wa Belhelvie hatumlaumu, maana alitaka kitoweo. Lakini fataki yake haikukaa ziwani. Ilikwenda vitani China na Bara Hindi, ikafika Unguja, ikaingia katika misafara ya watumwa, wala hakuna aliyemrudishia habari. Fundi husikia sauti ya aombaye. Sauti ya atakayepigwa haimfikii. Kwa hiyo ni juu ya aombaye kuwasemea wote wawili.

Mwana akililia wembe, mpe, walisema wahenga, ili akikatwa ajifunze. Neno hilo ni la hekima kwa wembe, maana ukatao ni mkono wake mwenyewe. Lakini wembe huu tuliousimulia mara nyingi haukumkata aliyelia.